Ngumi ya Wivine

Kwa majuma matatu Edouard alikula mkate mzima kila asubuhi, na sukari ya damuni badala ya kushuka ikapanda.

"Mukate muzima, papa?" Muuguzi Émerance alijishika kichwa. "Nani alikuambia vile?"

"Ni nyinyi!" Mzee alifungua karatasi ya ushauri aliyopewa hapo kliniki, akaigonga kwa kidole. "Soma. *Pain complet*. Mukate kamili. Nilikuwa naumaliza hata tumbo likikataa."

Émerance alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha akamweleza kwamba maneno yale yalimaanisha mkate wa ngano isiyokobolewa. Karatasi ilitungwa Ulaya, kwa watu wa tufaha na jibini.

"Na kule kwako hakuna muntu wa kukucheka?"

Edouard alikitazama kidonda cha mguuni. Daktari alikwisha kusema: sukari isiposhuka mwezi huu, mguu utakatwa.

"Sasa, kweli kweli, unakulaka nini?"

"Bukari. Bukari na mboga ya lengalenga, bukari na samaki." Mzee aliutaja ugali kama ndugu. "Muntu hajakula bukari, amekula nini? Lakini wewe muntu wa Butembo, utaijulia wapi?"

"Hata kwetu tunasongaka, papa, usinichokoze." Aligeuza karatasi, akaandika upande wa nyuma. "Bukari hatuiondoe. Ngumi moja tu, lengalenga ijaze sahani. Onyesha ngumi."

Edouard aliikunja: ngumi iliyofunga na kufungua mabehewa miaka thelathini.

"Eh! Hii ni ngumi ya treni. Bibi yako apime na ya kwake."

"Wivine alikufaka."

Kalamu ilisimama. Émerance alisema pole, akamkabidhi karatasi.

Mchana ule Edouard aliteleka sufuria ambayo Wivine aliinunua walipokuwa na watoto sita nyumbani. Unga wa ngumi moja ulipotelea chini, mwiko ukawa unagonga chuma. Alikuwa hajawahi kusonga bukari ya mtu mmoja.

Ngumi ya Wivine ilikuwa na ukubwa gani? Picha ukutani haikuonyesha mikono. Akakumbuka njia ya kutoka misani, mkono wa Wivine ukiwa umezama wote ndani ya kiganja chake. Akakikunja kiganja taratibu, akiacha nafasi ile ile aliyoizoea, kisha akaijaza kwa bukari ya moto.

Ilikuwa ndogo sana. Aliishika mpaka ikapoa, ndipo akala.