Kuagwa Kabla ya Kuamua

Uliwaona. Usiniambie hukuwaona. Familia nzima imesimama uwanja wa ndege wa Honolulu, makoja ya maua yamewafika masikioni, bibi analia, watoto wanasukumana, nawe ukasema moyoni, "Hao wanakwenda kutalii," ukarudi kwenye simu yako. Hawakuwa wakienda kutalii. Walikuwa wanahamia Nevada, jangwani, kwa sababu kodi ya nyumba kwenye kisiwa walikozikwa babu zao imewashinda. Ulijua, ukageuza shingo. Sasa tulia nikueleze habari za Nohea wa Waianae, kisiwani humo humo. Ukitaka kucheka, cheka. Siku yenyewe ilikuwa ya kucheka.

Jumamosi asubuhi Nohea alikuwa anakwangua ukoko wa wali, simu ameiegemeza kwenye chupa ya soya. Ndani ya simu wifi yake Kehau, aliyehamia Las Vegas, alikuwa anamtembeza nyumbani kwake.

"Ona gereji, wifi! Gereji tu hiyo, inameza nyumba yako yote."

"Na bahari iko wapi?"

"Bahari unaila? Huku mafuta rahisi, maziwa rahisi, kodi nusu yako."

"Na kazi unafanya gani?"

Kehau akapunguza sauti. "Natandika vitanda hotelini."

"Kama mimi."

"Kama wewe. Ila mimi nikitoka kazini nalala chumbani. Wewe unalala sebuleni."

Hapo alimpata. Nohea na mumewe Lopaka, dereva wa lori la taka, walikuwa wanalala sebuleni ili watoto na mama mkwe wapate chumba. Na sasa wakala wa mwenye nyumba, Bwana Darren Murashige, alikuwa amemwambia kodi inapanda kwa theluthi nzima, na jioni hiyo anataka jibu: kutia sahihi au kuhama.

"Nimekupendelea, Nohea," alikuwa amemnong'oneza kwenye ngazi. "Wenzako wanapandishiwa zaidi. Ila usimwambie mtu, utaniponza."

Hakumwambia mtu. Watu wa upande huu wa kisiwa hatutangazi shida zetu, tunaona aibu. Mtu ana njaa, anakuambia ameshiba, kisha anakukaribisha chakula.

Kosa lake lilikuwa maboksi. Alipita dukani akaomba maboksi matupu, apime tu kama vyombo vyao vingeenea, kabla hajaamua lolote. Mwenye duka alimtazama kwa huruma, akamfungia na kamba bila kuuliza. Waianae ukiomba maboksi, umeshahama. Nohea hajafika nyumbani, jengo zima lina habari.

Wa kwanza kugonga alikuwa Shangazi Filomena, mama wa Kifilipino wa ghorofa ya chini. Si shangazi wa damu, lakini kwetu kila aliyekuzidi umri ni shangazi au mjomba, upende usipende. Mkono mmoja sufuria ya tambi, mkono mwingine koja la maua meupe.

"Ulitaka kuondoka bila kuniaga, mtoto mbaya wewe?"

"Shangazi, sisi bado hatuja..."

"Inama." Akamvisha, akambusu shavuni, akaangua kilio.

Koja huwezi kulivua mbele ya aliyekuvisha. Ni sawa na kumtemea mate. Na aliyekuletea sufuria humwambii arudi nayo. Basi majirani wakaja. Uji wa magimbi, samaki mbichi aliyekatwakatwa na mwani, matonge ya wali yenye kipande cha nyama ya kopo juu. Mjomba Sione, mtu wa Tonga mwenye mwili wa jokofu, akapandisha ngazi na nguruwe mzima aliyekuwa wa harusi ya mpwawe.

"Na harusi je?" Nohea akauliza.

"Watakula kuku. Bwana harusi mwenyewe simpendi."

Lopaka alipotoka kazini alimkuta mkewe amezama kwenye maua, yanaonekana macho tu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Tunahama."

"Tumeamua lini?"

"Hata sijui. Inama, Shangazi anataka kukuvisha."

Walikula, waliimba. Mjomba Sione akashikwa na machozi. "Heri yenu mnaondoka. Mimi nimepandishiwa kodi mpaka usingizi umehama. Lakini nitalalamikaje, na Murashige amenipendelea?"

Shangazi Filomena akashusha kijiko. "Amekupendelea wewe?"

"Ndiyo. Wengine wanapandishiwa zaidi. Alisema nisimwambie mtu. Aa, mdomo wangu!"

"Muongo huyo! Aliyependelewa ni mimi!"

"Hata mimi!" sauti ikatoka kwenye ngazi.

"Na mimi!" Nohea akasema ndani ya maua.

Kumbe jengo zima limependelewa. Walicheka mpaka mama mkwe akaegemea ukuta, na kicheko kilipokwisha wakabaki wanatazamana, kila mmoja anakumbuka alivyokuwa akimpita mwenzake kwenye ngazi na kusema, "Sisi tuko salama tu."

Mimi sisahau. Enzi za mashamba ya miwa hapa kisiwani, wenye mashamba waliwatenga watu wetu kambi kwa kambi, Wajapani huku, Wafilipino kule, kila kambi na mshahara wake, ili wasiulizane. Miwa ilikwisha. Ile hila haijastaafu.

Jioni Murashige akaja, nyuma yake fundi na futi ya kupimia. Wakavua viatu mlangoni. Akayaona makoja, uso ukang'aa.

"Mmeamua vizuri! Huyu anapima tu madirisha, tutapangisha watalii."

"Kaa ule kwanza, Darren," akasema Shangazi Filomena. Angekataaje? Amelelewa barabara ya nyuma, na mama huyu alimfuta kamasi. Akaketi. Alipojaza mdomo nguruwe, Shangazi akamwinamia kwa upole.

"Hebu tuambie, mwanangu. Kati yetu sote humu, nani unampenda zaidi?"

Akaacha kutafuna. Akawatazama mmoja mmoja, hakuna aliyemsaidia.

Nohea akasimama, maua yakamwagika mabegani. "Sihami."

"Lakini wameshakuaga!"

"Wameniaga. Sasa watanikaribisha. Na sahihi sitii. Hapa hatii mtu, mpaka mwenye nyumba aje aongee nasi sote, siku moja, chumba kimoja."

"Mwenye nyumba anaishi bara, Nohea."

"Ndege zipo. Tunazijua, si ndizo zinazotubeba?"

Fundi akakunja futi yake. Mjomba Sione akamkatia nyama, kwani yeye alikuwa na kosa gani?

Siwezi kukuahidi kuwa watashinda. Mwenye nyumba ana mawakili, na Kehau bado anatandika vitanda vya wacheza kamari. Lakini wewe nawe umepandishiwa, na umeambiwa kimya kimya kuwa umepata nafuu. Usiishie kusikitika. Inuka, gonga mlango wa jirani, mtajie unacholipa, kisha umuulize yeye analipa nini. Si kesho. Sasa hivi, angali jirani yako.