Yule Anayesema Anatoka Juba

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Alfajiri ilinyesha mvua kubwa, kisha jua likawaka mapema, mtaa wetu wa Malakia, hapa Juba, wote ukafuka mvuke.

Jioni nilifika kwenye darasa letu la Kifaransa nikiwa nimefunga tangu asubuhi. Kila Pentekoste parokia yetu husalimiana kwa lugha nyingi: Kibari, Kidinka, Kiganda, Kiarabu. Mwaka huu Kifaransa kinaongezwa, na mwalimu wetu, Ustaz Fortunato, angechagua mmoja wetu asimame mbele ya watu ataje jina lake na mji anakotoka. Basi. Ni maneno machache, lakini niliyaombea usiku na mchana.

Shallon alitangulia. Ni binti wa Mbarara, Uganda, anasuka nywele mtaa wa Buluk, alijiunga nasi juzi tu.

"Je viens de Juba," akasema. Natoka Juba. Yalimtoka laini, darasa likampigia makofi.

Natoka Juba! Mimi ndiye niliyezaliwa Juba, vita vikatupeleka Arua, hukohuko Uganda, nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nikasimama, nikasema maneno yaleyale, yakanitoka kwa kukwaruza. Jude, dereva wa bodaboda, akacheka.

"Mama Rebecca, hiyo Juba yako iko na mawe mengi!"

Kifua kiliniwaka. Kufunga kipindi kwa sala ni kazi yangu, kwa hiyo niliinua mikono.

"Bwana, wabariki wageni waliotujia. Wakumbushe kwao, Baba. Waguse wote wanaojitwalia mji usio wao."

"Amina," Shallon akaitikia peke yake, kwa sauti. Kisha akanigeukia. "Mama, hapo umeniombea au umenishtaki?"

Jude alijiziba mdomo.

"Nimesema ukweli mbele za Mungu," nikamjibu. "Wewe sema Mbarara."

"Mtoto wangu amezaliwa hapa, amebatizwa kanisani kwenu. Haya, mimi niseme Mbarara. Na wewe mama, uliyekulia Arua, useme Arua?"

Miaka yote ya Arua waliniita Msudani, hata kisimani, hata kwenye kwaya. Nilirudi hapa, majirani wakaniita Mganda. Na sasa mimi mwenyewe nilikuwa nimemwita binti huyu mgeni.

Ustaz alikohoa. "Khalas, yatosha. Jumapili atakayesalimia ni Shallon."

Machozi yalinilenga. Niliutazama mdomo wa Shallon ule mzuri, uliotamka Kifaransa laini, nikautamani uwe wangu, Mungu anajua. Lakini wote walikuwa wananingoja, maana sala niliyoianza ilikuwa bado haijafungwa. Sikufumba macho safari hii. Nilimshika Shallon mkono, nikasema wasikie wote:

"Jumapili nitasimama kando yako pale mbele. Ukisema unatoka Juba na mtu akaguna, mimi niliyezaliwa hapa nitamjibu kwamba ni kweli."