Bakuli la Mahabusu

Kila Jumapili saa tatu asubuhi, mshonaji alilamba sabuni. Sheria ya dirisha la gereza ilikuwa hiyo: anacholeta mgeni, mgeni aonje kwanza, asije akampa mtu sumu. Askari wa dirishani, ambaye hata mkewe alimwita Kufuli, hakuchagua. Wali, onja. Maharage, onja. Sabuni ya kuogea, onja.

"Sabuni nayo, afande?"

"We mama, una haraka ya kwenda wapi?"

Mdogo wake, fundi baiskeli, alikuwa mahabusu mwezi wa saba huo kwa kuiba baiskeli ambayo mwenye nayo alishaikuta uani kwa shemeji yake. Kilichobaki kupatikana ni faili la kesi tu.

Wiki tatu mfululizo Kufuli alimnyima kumwona. Mara yuko kazini, mara amelala, mara yuko kwenye adhabu. "Chakula acha, bakuli ufuate saa nane." Saa nane bakuli lilirudi limeoshwa, Kufuli akichokonoa meno. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Jumapili ya tatu, mshonaji alifika nyumbani, akafunua bakuli alianike. Sauti ya mdogo wake ikatoka humo.

"Dada, usihangaike na maharage. Wanakula wao."

"Nilijua tu! Mijitu haina haya. Na wewe unakula nini?"

"Mimi nilikufa, dada. Jumanne ile ya mvua. Niliomba maji, wakanipiga. Wamenifukia nyuma ya stoo ya kuni. Sikuwa na pa kwenda, nikaingia humu. Humu kunanukia kwetu."

Mshonaji akaketi sakafuni, akalia hadi sauti ikamkauka. Kisha akapangusa uso kwa upindo wa kanga. Alitaka kitu kimoja: waandike kwamba amekufa, wampe maiti yake akaizike.

Jumatatu akaliweka bakuli dirishani, akafunua. Fundi baiskeli akaeleza yote: waliompiga ni nani, walimpigia chumba gani, rungu lilivunjikia wapi. Kufuli alisikiliza ameegemea kiwiko, akiandika kwenye daftari. Mshonaji aliiona kalamu ikikimbia, moyo ukamtulia kidogo.

Kufuli akamgeuzia daftari ajisomee. *Mahabusu mmoja, aliyepungua kwenye hesabu, amepatikana.*

"Wiki ya tatu hii hesabu ya asubuhi hainitimii," akasema. "Mkuu ananitoa jasho. Kumbe umemficha wewe."

"Amekufa! Mmemuua nyie!"

"Maiti haisemi. Huyu anasema. Shukuru sikufungulii kesi ya kutorosha."

Akalifunika bakuli, akalibandika namba. Mshonaji akaling'ang'ania. Askari wawili wakamfungua vidole kimoja kimoja. Jioni hiyo hesabu ilitimia.

Sasa bakuli liko seli namba nne, juu ya rafu, na wenzake humsalimia kila asubuhi. Kila baada ya wiki mbili hupelekwa mahakamani ndani ya mfuko wa plastiki. Hakimu huuliza kama mshtakiwa yupo, bakuli hujibu, "Nipo, mheshimiwa," faili halijaonekana, bakuli linarudishwa. Nyuma ya stoo wamerundika kuni mpya.

Mshonaji anaruhusiwa kumwona tena, Jumapili, dakika kumi. Sabuni hapeleki siku hizi. Wiki iliyopita alileta chupa moja ya maji, basi.

Kufuli akaiinua, akaitazama kwenye mwanga.

"Onja."

Akapiga funda moja.

"Yote."

Mshonaji akamtazama. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na dakika zilikuwa zimeshaanza kuhesabiwa. Akanywa mpaka chupa ikakauka, akaiacha dirishani, akaingia.

"Dada," bakuli likasema, "leo umeniletea nini?"

"Sijaleta kitu, mdogo wangu," akasema, akifuta midomo.