Nyuma ya Gurudumu la Kulia

Kabla ya kuchomoa mipira ya mafuta, kijiko cha mbele lazima kilazwe chini, injini izimwe, halafu kishikio kisukumwe mbele na nyuma mara tatu nne mpaka trekta ishushe pumzi. Utaisikia. Ni mlio mdogo, kama wa mtu anayetua mzigo mlangoni kwake. Ukiharakisha, ukachomoa kabla ya pumzi hiyo, mafuta yatakurukia usoni, na mpira ulioufungua hautakubali kurudi mahali pake hata uusukume kwa goti.

Hayo niliyajua kwa miaka ishirini na mmoja, na niliyajua nikiwa chini. Mahali pangu palikuwa nyuma ya gurudumu la kulia, tambara mfukoni, mikono tayari. Trekta yetu ni ya zamani. Nyuma ina matundu mawili tu ya mafuta yenye nguvu, moja la kwenda na moja la kurudi. Kijiko cha mbele kinayataka hayo hayo, na bapa la nyuma la kusawazishia barabara linayataka hayo hayo. Havijawahi kula pamoja hata siku moja. Mume wangu akimaliza kumwaga changarawe kwa kijiko, anazima injini, anaishusha pumzi, nami nachomoa mipira ya kijiko, nafuta ncha, nachomeka ya bapa. Akimaliza kusawazisha, tunabadilisha tena. Nikiwa tayari nasema, "Tayari," naye anajibu, "Haya, bibie," bila kugeuza shingo. Kuna siku hayo ndiyo maneno pekee tuliyoambiana mpaka jioni, na sikuona upungufu wowote.

Kifua kilimwondoa duniani ndani ya wiki tatu.

Wageni wa msiba walipokwisha kutawanyika, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliitisha kikao cha familia. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo kikao kilikuwa kifupi. Shemeji alisema trekta ihamie kwake, kwenye wanaume, isije ikaoza chini ya banda langu. Hakusema kwa ubaya. Ni mtu ambaye hata akikupokonya kitu anakuuliza kwanza kama umekula. Nikawaambia kwamba marehemu aliiahidi kamati ya barabara kuitengeneza njia ya kwenda kituo cha maziwa kabla ya mvua, na ahadi ya mtu haizikwi naye. Waniachie trekta mpaka mvua. Ikinyesha na barabara haijaisha, waje waichukue, sitasema neno. Ikiwa imeisha, itabaki kwangu. Shemeji alicheka kidogo, akasema dude lile litanirusha kama karanga kwenye kikaango. Lakini walikubali.

Kuendesha hakukunisumbua. Mtu ukimtazama mwenzako miaka yote hiyo, miguu inajifunza bila kuambiwa. Kilichonisumbua ni kushuka. Barabara ile ilikuwa imeliwa vibaya hata huwezi kumwaga changarawe yote kwanza ndipo usawazishe. Unamwaga hatua ishirini, unasawazisha, ndipo upate pa kukanyaga kwenda mbele. Kwa hiyo kila hatua ishirini nilizima, nikashusha pumzi, nikateremka, nikazunguka, nikachomoa, nikafuta, nikachomeka, nikapanda. Mpira ukikaa juani mafuta yanavimba ndani, ncha inagoma, unateremka tena. Nilikuwa mtu wa juu na mtu wa chini kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza, nilipomaliza kuchomeka, ulimi uliniponyoka, nikasema, "Tayari." Nikasimama pale na tambara langu nikitazama kiti kitupu. Kisha nikapanda.

Kwa siku nne nilifanya kazi tuliyokuwa tukiifanya kwa moja. Mwenyekiti wa kamati alikuja akaipima barabara kwa miguu yake, akatazama mawingu, akaniuliza kwa upole kama sina mtu wa kunishikia nyuma. Nilimwambia nitamaliza. Na kila alfajiri nilimweleza Mungu kwamba nimeshasema, sasa imebaki kwake.

Siku ya tano mpira mmoja ulianza kuvuja. Nikafungua sanduku la spana la marehemu kutafuta kipete cha kuzuia mafuta, na chini kabisa, chini ya misumari na vipande vya waya, nikakuta kitu kizito kama tofali kimefungwa ndani ya kitambaa cha bluu. Kitambaa nilikijua. Kilikuwa sketi yangu, ile niliyoitafuta mpaka nikamshuku jirani. Ndani mlikuwa na chuma kipya, kina matundu pande zote na kifundo kimoja cha kugeuza, hakijapata kuguswa na mafuta. Nikapanda trekta, nikakipeleka kwa fundi tunayemwita Taratibu, kwa sababu hata kukufungulia mlango anafikiri kwanza.

Taratibu alikipokea kwa mikono miwili.

"Umeitoa wapi, mama?"

"Kwenye sanduku la marehemu."

"Kumbe alikuwa nayo muda wote." Akaigeuza geuza, akanieleza polepole. Ni vali ya kugawa mafuta. Mipira yote, ya mbele na ya nyuma, inafungwa hapo mara moja na haichomolewi tena. Ukigeuza kifundo huku, nguvu inakwenda kwenye kijiko. Ukigeuza kule, inakwenda kwenye bapa. Mtu anafanya yote akiwa amekaa. "Hashuki," alisema.

"Hashuki," nikarudia.

"Labda akibanwa na haja."

Nikamuuliza ilinunuliwa lini. Alisema yeye ndiye aliyemtafutia, mwaka ule daraja la chini lilipobomoka. Nikahesabu kimoyomoyo. Miaka tisa.

"Nilimwambia alete trekta nimfungie, ni kazi ya asubuhi moja. Akasema bado. Kila tukionana namuuliza, naye anasema bado."

"Bado nini?"

Taratibu alifuta mikono yake, ambayo haikuwa michafu. "Hakusema, mama. Na mtu mzima akikuambia bado, unamwachia."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikaacha trekta kwake. Nilipofika nilikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu. Miaka tisa. Nina kovu kwenye kifundo cha mkono, ambapo mafuta ya moto yalinilamba. Kovu hilo halijafikisha miaka tisa. Nina magoti ambayo huyasikia kabla sijaamka. Nilimweka mume wangu mbele yangu, nikamgeuza kila upande, kama mtu anayetafuta mahali ambapo nguo imechanika. Huenda aliogopa kufanya kazi kutwa nzima bila mtu nyuma yake. Huenda aliogopa kwamba nikiambiwa sihitajiki nitaamini. Huenda hakuogopa chochote, alikuwa tu mtu asiyependa kubadilisha kitu kinachokwenda, na magoti yangu hayakumpitia akilini hata siku moja. Kila jibu nililolishika lilifanana naye. Hilo ndilo lililoniumiza: kwamba nimelala na mtu miaka yote hiyo, na majibu matatu yanayopingana yote yanamkaa kama nguo zake mwenyewe.

Swali hilo halikuwa na mtu wa kuulizwa. Nilisali, lakini kwa maneno ya kawaida.

Taratibu aliifunga vali karibu na kiti, mahali mkono wangu unapofika wenyewe. Asubuhi ya kwanza nilifanya hatua mia mbili kabla jua halijawa kali. Kifundo mbele, namwaga. Kifundo nyuma, nasawazisha. Hakuna kuzima, hakuna kushuka. Watu waliopita na makopo yao ya maziwa waliniambia naenda vizuri, nami nikaitikia kutoka juu, na ilikuwa ajabu kuona vichwa vya watu badala ya viatu vyao. Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa kama mtu aliyehamishiwa chumba kizuri katika nyumba ambayo wenzake wote wameondoka.

Siku ya pili nilifika kwenye uwanja wa kituo cha maziwa. Nilikuwa nimetoka kusawazisha, nikalisogelea rundo la changarawe, nikakitia kijiko ndani, nikavuta kishikio kukiinua. Kijiko hakikutikisika. Nikafikiri mzigo umezidi. Nikavuta tena, nikashikilia, macho yangu yote mbele, na injini ikaguna kama inavyoguna ikifanya kazi kweli. Kilichonishtua ni kelele za watu. Nilipogeuka, maji yalikuwa yamesimama hewani juu kuliko paa la kituo.

Kifundo nilikuwa nimekisahau upande wa nyuma. Nguvu yote niliyodhani nakipa kijiko ilikuwa inakwenda kwenye bapa, nalo likazunguka taratibu, bila haraka, mpaka ncha yake ikalilaza bomba la maji la kituo kama unyasi.

Mpokeaji wa maziwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, alitoka na ndoo kichwani kama mwavuli, akasema kumbe kamati imetuletea na chemchemi, na mzee mmoja akauliza kama kuoga ni bure. Walicheka. Nami ningecheka, kama angekuwa mwingine. Nilifunga koki kuu, nikapiga magoti matopeni, nikaanza kuchimbua bomba kwa mikono. Na ni pale, magotini, nyuma ya gurudumu la kulia, nilipoelewa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kwa miaka ishirini na mmoja bapa lile lilikuwa na macho. Yalikuwa yangu. Nilidhani kazi yangu ni kuchomoa na kuchomeka, kumbe muda wote nilikuwa natazama nyuma kwa ajili ya mtu anayetazama mbele, na hakuna aliyeliona hilo, nikiwemo mimi. Kama yeye aliliona, alikufa nalo.

Habari hutembea kuliko trekta. Kabla ya adhuhuri shemeji alikuwa amefika, suruali imekunjwa.

"Shemeji, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Kwamba umepata maji."

Alipiga magoti upande wa pili wa shimo, akashika bomba huku mimi nikilikaza. Hakutaja kikao. Tulipomaliza alikaa kwenye rundo la changarawe, akafuta tope kwenye vidole, akasema bila kunitazama.

"Hii kazi ni ya watu wawili. Hata kaka hakuifanya peke yake. Sisi wote tulikuwa tunasema trekta ya kaka, trekta ya kaka."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikajifanya natafuta spana.

"Nije kesho nisimame nyuma," alisema. "Si kuichukua. Kusimama tu."

Nilimtazama. Ana mabega ya kaka yake. Nilijua kwamba akisimama pale nitamaliza kwa siku mbili, na nilijua pia kwamba sitaweza kugeuka kumtazama hata mara moja. Nikamwambia ahsante, lakini mlinipa mpaka mvua, na mvua haijanyesha. Akaniuliza kama nimekula.

Baada ya hapo nilijiwekea sheria. Kabla mkono haujagusa kishikio, shingo igeuke kwanza nyuma, macho yafike kwenye bapa, kisha kwenye kifundo, ndipo mbele. Mwanzoni nilikuwa naisema kwa sauti, kama mtoto anayekariri. Jioni shingo iliniuma mahali pageni, mahali ambapo hapajawahi kuuma. Siku zikapita tatu hivyo. Mawingu yalijaa, yakazidi kujaa, na upepo ukaanza kunuka udongo wa mbali.

Nilimwaga kijiko cha mwisho hatua chache kupita kituo, pale changarawe inapokutana na lami, nikakisawazisha, nikapita juu yake mara mbili, na niliporudi mara ya tatu matone yalikuwa yameanza kugonga boneti. Mwenyekiti alikuwa anatembea kando yangu na gazeti kichwani. Alipiga mguu chini mara kadhaa kama anayejaribu viatu dukani, akaridhika, akatoa simu na kumpigia shemeji yeye mwenyewe, nami nikamsikia akisema, "Imeisha. Ndiyo. Kabla." Kisha akanipa mkono, akakimbilia kituoni.

Mvua ikazidi. Watu wote walijibana chini ya bati la kituo, wakaniita, nami nikawaonyesha kwa mkono kwamba nakuja. Lakini sikuzima injini. Niliendelea kukaa. Trekta ilikuwa yangu sasa, na sikuwa na mtu wa kumpelekea habari hiyo nyumbani.

Tangu tumzike nilikuwa nimemwombea mume wangu kwa maneno mazuri, yale yanayosemwa juu ya marehemu, na Mungu aliyapokea, sina shaka. Ila hayakuwa yote. Pale juu, ambapo injini na mvua vilimeza kila sauti, nilimwomba Mungu anisamehe, kisha nikamwambia marehemu yaliyobaki. Nilisema ungeniambia. Nilisema nilikuwa nachoka, mzee, na magoti yalikuwa yananiuma, na wewe ulikuwa na dawa yake imefungwa kwenye sketi yangu. Nilisema ungeifunga tu. Ningekuja. Ungefunga vali kumi, mimi ningekuja, ningesimama pale pale bila kazi yoyote, nikutazamie nyuma.

Halafu nikangoja kidogo, kama mtu anavyongoja akishauliza. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye madigadi, na kule chini ya bati mpokeaji wa maziwa alikuwa amewasukuma watu wawili kando kufanya nafasi, akanipungia kikombe.