Sifuri Aliyeachwa Nje

Adhuhuri ya juzi Mwalimu Gaudensi Komba aliota ndoto akiwa amelaza shavu juu ya meza ya chumba cha walimu. Si mtu wa kusinzia kazini. Ila asubuhi hiyo ilikuwa imemwelemea.

Kipindi cha pili alisimama mbele ya Kidato cha Pili akatatua −2x < 6 ubaoni, akapata x < −3. Oresta, msichana asiye na maneno mengi, akanyoosha mkono akasema ukigawanya kwa namba hasi alama inageuka. Mwalimu akamtoa nje, asimame huko mpaka ajue adabu. Baadaye, akiwa peke yake, akaiandika hesabu ile kwenye programu ya aljebra katika kompyuta ya shule. Ikajibu papo hapo: x > −3. Aliifunga kompyuta kama mtu aliyefumaniwa, akainamisha kichwa.

Ndotoni kompyuta inafunguka yenyewe.

"Mwalimu Komba," inasema kwa sauti ya karani wa mapokezi, "una mgeni."

Mgeni ni Sifuri. Ni mnene, mstaarabu, amevaa koti, na katikati ya tumbo ana tundu linaloonyesha dirisha lililo nyuma yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Niweke mahali pa x."

Komba anamweka. Hasi mbili mara sifuri ni sifuri. Sifuri ni ndogo kuliko sita.

"Kwa hiyo nilikuwa wa ndani," anasema Sifuri. "Wewe ukaniandika nje. Niko nje tangu kipindi cha pili, na jua ni kali."

Komba anajitetea kwamba alikuwa na haraka. Anaisikia sauti yake mwenyewe na kuionea haya.

Chumba cha walimu sasa ni mstari wa namba, umechorwa kwa chaki sakafuni na hauna mwisho. Kwenye −3 kuna duara tupu, na Komba yumo ndani yake. Programu inamweleza kuwa aliyemo katika duara tupu hahesabiwi. Akitaka kutoka, agawanywe kwanza kwa hasi mbili, ndio utaratibu.

Anagawanywa. Haumii. Anageuka tu, uso unakwenda kisogoni, na huko ambako hakuwa akitazama anamwona Oresta amesimama juani, daftari kifuani. Msichana hamlaumu. Anauliza tu kama anaweza kuingia, maana Baiolojia imeshaanza.

Komba anataka kusema kompyuta ilikuwa na hitilafu.

"Hilo halimo kwenye jibu," programu inamwambia kwa upole.

Basi anapiga magoti juu ya mstari.

"Nilikosea, Oresta. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi."

Akaamka. Bi Sikudhani, mwalimu wa Jiografia, alikuwa akimtazama suruali. Akamuuliza alikuwa akitambaa wapi. Komba akatazama: magoti yote mawili yalikuwa meupe kwa chaki.

Alinyoosha mkono ayapanguse, akaacha. Akatoka mbio hivyo hivyo. Nyuma ya darasa, juani, Oresta alikuwa bado amesimama. Tangu asubuhi hakuna aliyemkumbuka, Komba mwenyewe akiwa wa kwanza kumsahau.

"Oresta, nili..."

"Umeshasema, Mwalimu," akajibu msichana, akiyatazama magoti yale. "Bado kuwaambia darasani."