Lenzi Iliyogoma

Kazini walimwita Bwana Viwavi, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Miaka ishirini na miwili alikuwa akiwapiga picha wadudu waharibifu wa mazao kwa ajili ya vijitabu wanavyogawiwa wakulima. Kati ya kamera na lenzi alichomeka mirija mitatu ya chuma, mitupu, haina hata kioo ndani. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbele, basi. Mdudu mdogo kama punje ya mchele anajaa picha nzima, ukitaka unamhesabu vinyweleo. Lakini mirija ikishakaa, chochote kilicho mbali kuliko kiganja ni ukungu mtupu.

Mkewe alipozidiwa na ugonjwa aliomba kitu kimoja tu. Binti yao alikuwa mbali, mjamzito wa miezi minane, daktari amemkataza kusafiri.

"Nipige picha moja ya maana, mume wangu, tumtumie mwanetu. Mjukuu aje anijue. Za harusi nilikuwa mtoto, na ile ya kitambulisho nimetoa macho kama mwizi."

"Jumapili," akajibu.

Jumapili ikapita, na nyingine ikapita. Si kwamba hakumpenda, jamani! Kibarazani alikuwa na kiwavi kwenye chupa, anamfuatilia tangu yai, kila siku picha moja. Kamera ilifungwa kwenye stendi, vipimo vyote vimetegwa, na ukiigusa tu kazi ya wiki tatu imekwenda na maji. Hicho ndicho kisingizio alichojipa. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kumpiga mkewe picha ile ilikuwa sawa na kukubali kwamba anaondoka.

Jumatano moja alasiri mkewe akaamka ana nguvu. Akajipaka mafuta, akafunga kitambaa kipya kichwani, akajikongoja mpaka kiti cha dirishani.

"Leo," akasema. "Kesho siijui."

Bwana Viwavi akaikimbilia kamera bila kumtazama kiwavi. Akabonyeza, akazungusha ili aitoe ile mirija. Lenzi ikagoma. Akaishika kwa kitambaa, akaivuta mpaka jasho likamtoka. Wapi! Fundi wa karakana ya ofisini, ambaye angeitoa, alikuwa likizo.

"Nimwite mpiga picha wa pale barabarani?"

"Asinione mtu mwingine nilivyo hivi. Nipige wewe."

Basi akatia filamu mpya, akafanya alichoweza. Akamsogelea na mirija yake mpaka pumzi zao zikagongana, akampiga kipande kipande: nyusi, kona ya jicho, tundu la sikio, mdomo.

"Unanipiga picha au unaninusa?" mkewe akacheka.

"Tulia basi, mama. Usicheke."

"Ala! Viwavi wako wanatulia kwa sababu hawajaolewa na wewe."

Filamu nzima ikaisha, picha thelathini na sita. Atazisafisha, ataziunganisha, alijiambia. Mkewe akauliza kama ametoka vizuri, naye akamwambia ametoka vizuri sana. Akambeba kumrudisha kitandani, mwepesi kuliko alivyotarajia. Jumamosi asubuhi mkewe akafariki, na kesho yake wakamzika.

Matanga yalipokwisha Bwana Viwavi akasafisha filamu, akazipanga picha mezani. Hazikuungana. Jicho moja lilikuwa kubwa kuliko jingine. Mdomo ulicheka, shavu halikucheka. Alizihamisha huku na huku siku tatu nzima, mpaka akaanza kuhofia kwamba atasahau sura yenyewe. Binti akapiga simu kuuliza kama picha imeshatumwa, naye akasema iko njiani.

Jumatatu akaipeleka kamera karakana. Fundi alikuwa amerudi asubuhi hiyo hiyo, begi bado liko mlangoni, hajaonana na mtu.

"Bwana Viwavi! Mbona umekonda hivyo? Leta, leta."

Akaigeuza kamera, akabonyeza kitufe kidogo ubavuni mwa mrija wa mbele, akazungusha. Lenzi ikatoka kama kifuniko cha chupa.

"Ah, mzee mzima! Kila mrija na kitufe chake. Bila shaka umekazana na cha katikati huku umeushika wa mbele na kuzungusha lenzi, itatokaje?"

Bwana Viwavi akakitazama kile kitufe. Vijana wote wa idara ni yeye aliyewafundisha jambo hilo, siku yao ya kwanza kazini. Jumatano ile, kwa haraka, alishika kisicho.

"Kwani ulitaka kumpiga nani bila mirija?" fundi akauliza.

"Mke wangu."

"Basi imepona! Nenda kampige leo leo, na umwambie shemeji namsalimu sana."

Bwana Viwavi akakaa kwenye benchi katikati ya bisibisi na nyaya, akalia kwa sauti kama mtoto. Fundi akabaki amesimama na lenzi mkononi, kicheko kimemkauka usoni.

"Lini?" akauliza.

"Si Jumamosi hii, ile ya kabla yake."