Kiatu Chini ya Sinki

Binti fundi wa vigae alibandua nailoni aliyoigandisha sakafuni tangu jana kupima unyevu. Nailoni ilijaa matone, na chini yake, karibu na sinki, palikuwa na kiraka cheusi cha unyevu. Jiko la shangazi lilikuwa limeshafagiwa, mafuta yamekwanguliwa, mashimo yamezibwa, yamebaki vigae tu. Kumbe kazi bure, ndani mnavuja! Na bomba lililopita humo lililazwa na nani? Na kaka yake wa tumbo moja.

Kaka mtu aliona. Akasogea, akakanyaga kile kiraka, akanong'ona, "Ukifungua mdomo, usinihesabu ndugu yako tena. Bandika vigae, funika."

Jamani, funika! Shangazi mwenyewe, aliyewalea wote wawili, alisimama mlangoni ameegemea mkongojo. Nyonga ile ilishavunjika mara moja. Vigae vikiinuliwa na unyevu humu ndani atakwenda chini mzima mzima, na safari hiyo hatanyanyuka.

"Mbona mmenyamaza hivyo? Na hayo matone?" shangazi akauliza.

"Maji ya kudeki tu, shangazi," kaka akadakia. "Ngoja nikutoe wasiwasi." Akashika nyundo na patasi, akajinyoosha bila kuhamisha mguu, akatoboa kando ya ukuta. Vumbi likaruka. "Umeona? Kavu kabisa!"

Shangazi akacheka kwa furaha. "Ndiyo maana nawasifia wanangu kila ninapokaa. Haya, anzeni."

Binti akachota gundi kwa mwiko. Gundi ikamdondokea kiatuni. Aliumia moyoni, mtu asikwambie. Kaka huyu ndiye aliyemfundisha kushika huo mwiko.

Akapiga moyo konde, akarudisha gundi ndooni.

"Toa mguu, kaka."

"Mguu gani tena?"

"Huo. Toa."

Kaka akamtazama shangazi, akatazama chini, akautoa. Kiraka kilikuwa pale pale, chapa ya soli katikati yake.

Shangazi akajikongoja hadi karibu na kiraka. Kaka akachuchumaa, akaanza kuvunja sakafu mwenyewe, na haikuchukua muda maji yakachuruzika. Patasi ikamponyoka, ikabingirika hadi miguuni pa dada yake. Dada akainama aiokote.

"Shangazi," kaka akasema, bila kumtazama dada yake, "nisogezee wewe hiyo patasi."